Vilima Vitatu vya Mwalimu

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha viatu, pale njia mbili zinapokutana, mkabala na duka la magodoro lililofungwa tangu mwenyewe ahame. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeinamia kushoto kwa sababu Kamishna hukaa kushoto na Kamishna si mtu mwepesi. Mimi ndiye fundi viatu, na ubao ni wangu, ingawa hakuna anayekumbuka hilo. Ikifika saa nne asubuhi Mama Birika hupita na jiko lake na vikombe vyake vidogo, na kuanzia hapo kazi yangu huharibika, maana siwezi kusikia mtu anasema upuuzi nikanyamaza. Kamishna alikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala, na kwa kukaa getini miaka ishirini na mbili akaamini ameona kila kitu duniani kikiingia na kutoka. Daktari hajawahi kutibu hata paka. Alikuwa akisukuma vitanda hospitali, akaondoka na maneno ya madaktari mengi kuliko wao wenyewe. Na wa nne wetu ni Jenerali, fundi cherehani, mpole kupita kiasi, na mambo yote haya ni yake.

Jina la Jenerali alipewa na dada yake. Walikuwa wawili tu, tumbo moja, na tangu utoto walikuwa na mchezo wao wa vita vya mezani: majeshi ya vizibo vya chupa, dadu mbili, futi ya fundi cherehani ya kupimia askari aende umbali gani. Kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi. Yeye akawa fundi, dada akawa mwalimu wa jiografia hadi akastaafu, na bado Jumapili wako mezani wanachinjana kwa vizibo. Mwaka huu mapafu ya Mwalimu yakachoka. Akarudishwa nyumbani na mtungi wa hewa na mrija puani, na sharti moja: chumbani mwake pasiwe na vumbi, moshi, wala harufu kali. Akamwambia mdogo wake, “Nitengenezee vilima vyetu, tucheze juu yake mara moja.” Vile vilima vitatu vya kwao, vilivyovunjwavunjwa vyote vikawa kokoto. Jenerali akaja kwetu kuuliza: povu lipi la kuchongea vilima, lisilo ghali, na lisilomdhuru mgonjwa kifua?

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Tulimzika Mwalimu Alhamisi ya wiki jana. Na leo Jumatano, Jenerali kaja na mfuko wake uleule wa vipande vya povu.

Jenerali: Hamjambo jamani.

Sote: Hatujambo.

Akakaa. Akapanga vipande vyake kwenye ubao, kimoja kimoja: kile cheupe cha kwenye boksi la televisheni, kipande cha godoro, raba ya ndala, donge la lile povu la kopo ambalo mafundi madirisha hujazia nyufa, na kijipande cha bodi ya povu ya buluu, kidogo kama kiberiti, alichookota kwenye jengo linalojengwa.

Jenerali: Bado sijaamua. Jumapili hii hapa inakuja. Dada hataki kitu cha kumkohoza. Sasa niambieni, kipi hakina neno?

Mama Birika alikuwa anamimina. Kikombe kikajaa, kikamwagika, akawa bado anamimina. Akaniangalia mimi. Nikaangalia sindano yangu. Wallahi nilikuwa na neno la kusema, kwamba Mwalimu tumeshamzika, na nikaona kila mtu anangoja mwenzake aanze. Kamishna akakohoa. Mungu amsamehe, akajibu.

Kamishna: Mimi nilishasema na narudia. Hicho cheupe ni hatari. Hicho kinavuta hewa.

Daktari: Kinavutaje hewa? Kina pua?

Kamishna: Kivunje uone. Ndani ni vipunje, na kila kipunje kina nafasi yake. Hiyo nafasi inataka nini? Inataka hewa. Ukiweka vilima vitatu vya namna hiyo chumbani kwa mgonjwa, mtungi unapiga hewa huku, kilima kinakunywa kule.

Daktari: Kamishna, hewa imo humo tangu kiwandani. Haina haja ya kuvuta nyingine.

Kamishna: Wewe ulikuwepo kiwandani?

Daktari: Sikuwepo.

Kamishna: Basi kunywa kahawa.

Mimi: Ubaya wa hicho cheupe si huo. Ukikikata tu kinapukutika, punje zinaruka, zinaganda kwenye nguo, zinaganda kwenye shuka. Na wanaokata kwa waya wa moto ndio wanafukiza nyumba nzima.

Jenerali: Kweli. Dada hawezi kustahimili moshi.

Hawezi. Alivyolisema, ungedhani kamwacha nyumbani sasa hivi, kamwekea mto mgongoni. Na sisi, watu wazima watatu wenye mvi, tukalipokea hivyo hivyo.

Daktari: Mimi bado niko kwenye godoro. Hebu fikirieni. Godoro mtu analala juu yake usiku kucha, pua imezama humo, na asubuhi anaamka. Kitabibu, huo ni ushahidi.

Mimi: Kilima cha godoro kinasimamaje? Askari akipanda, kinabonyea. Na hilo la zamani linasagika unga wa njano, umeliona mwenyewe hapo nje ya duka.

Daktari: Tunalipaka gundi likaze.

Mimi: Gundi ipi?

Daktari akageukia kahawa yake. Gundi ipi, naye anajua. Wiki tatu nzima mimi ndiye niliyewashika hapa nikiwaambia raba ya ndala, raba ya ndala, panga tabaka juu ya tabaka kama ngazi, ndiyo povu safi kuliko yote. Nilikuwa nimeshakata hata tabaka saba. Nikazibandika kwa gundi yangu ya viatu, ile ninayoinusa kila siku mpaka siisikii tena. Jenerali akaipeleka nyumbani kwa furaha. Hakufika hata mlangoni, Mwalimu akaanza kukohoa akiwa kitandani. Siku ile Jenerali alirudi akaniambia, “Haidhuru, fundi, ulikuwa unasaidia.” Nilitamani anitukane.

Kamishna: Na hilo la kopo je? Linapulizwa tu, linavimba lenyewe, kilima hicho. Huhitaji hata kisu.

Daktari: Mvuke wake wakati linavimba ndio sumu yenyewe. Pale hospitali tuliwahi kumpokea fundi dirisha, kifua kinapiga filimbi.

Kamishna: Alivuta povu au alivuta sigara?

Daktari: Alivuta vyote.

Kamishna: Basi huna ushahidi. Ushahidi ni kuku.

Mama Birika: Kamishna, kuku usimtaje.

Nitawaambia habari ya kuku, maana nisipoisema mimi atakuja kuisema mtu mwingine vibaya. Ubishi ulipopamba moto, Kamishna akatoa wazo kwamba tuchukue kuku, tumfungie kwenye boksi pamoja na vipande vyote, tuone kama kifua kitambana. Na tulifanya. Siku tisa. Kila asubuhi Daktari alikuwa anaweka sikio kwenye ubavu wa kuku na sisi wengine tumekaa kimya kama wanafunzi wa mtihani.

Kamishna: Kwani alikufa? Hakufa. Alitaga.

Daktari: Alitaga kwa sababu alikuwa kuku. Na zile punje nyeupe alizila. Kitabibu, matokeo yale yalivurugika.

Kamishna: Alizila na akatoka mzima. Maana yake nini? Maana yake punje haziendi mapafuni, zinaenda tumboni. Kwa hiyo tungemfundisha mgonjwa kumeza...

Mama Birika: Acheni! Kuku alikuwa wangu. Mimi mwenyewe niliwaazima. Siku tisa! Nilikuwa napita hapa na birika langu naona mnamsikiliza kuku kifua, nacheka. Nilicheka, jamani.

Akafunika uso kwa kanga. Jenerali akanyanyuka akampa nafasi akae, akamshika bega, kama vile yeye ndiye aliyekuja kumpa pole.

Jenerali: Usilie, dada yangu. Kuku hakuwa na neno. Mimi mwenyewe nilitaka kuwa na hakika. Ningemletea kitu kibaya ningejisameheje?

Jenerali akakishika kile kijipande cha buluu. Akakigeuza.

Jenerali: Na hiki?

Kamishna akashukuru kama mtu aliyetupiwa kamba.

Kamishna: Hicho ndicho kibaya kabisa! Rangi ile haijawekwa bure. Kitu kikiwa cha buluu kinaonya.

Daktari: Kuna na cha waridi pia. Hicho ndicho cha kuogopa. Mapafu ni ya waridi. Vumbi la waridi likiingia, mapafu yanadhani ni nyama yao, yanalipokea.

Mimi: Daktari, mapafu hayaoni rangi. Mle ndani ni giza.

Daktari: Yanahisi.

Kamishna: Halafu bodi ile huuzwa nzima, kubwa kama mlango. Nani ana fedha ya mlango mzima kwa ajili ya vilima vitatu, na mtungi wa hewa unakula kila kitu ndani ya nyumba? Hapana. Hicho kiondoe kwenye hesabu.

Hivyo ndivyo tulivyokiondoa mwezi ule wa kwanza wa ubishi, kwa maneno hayohayo. Hakuna aliyekwenda kuuliza popote.

Sasa, wakati tumefika kwenye mapafu yenye macho, ndipo alipokuja yule binti. Binti nasema mimi, lakini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli ya kijivu, kiatu kimoja kizima na kingine soli imeachama kama mdomo wa kambare. Alisimamisha pikipiki yake, nyuma kafunga gunia kubwa lenye vipande vya kitu chepesi.

Binti: Shikamooni wazazi.

Sisi: Marahaba.

Binti: Fundi, naomba unisaidie hiki kiatu. Nikikanyaga maji kinakunywa.

Nikakipokea. Jenerali akajisogeza, binti akakaa na mguu wake wa soksi juu ya tofali. Mama Birika akajifuta macho, akampa kahawa. Binti akaona vile vipande kwenye ubao na akachukua kile cha buluu bila kuuliza.

Binti: Hiki mmekitoa wapi? Hii ndiyo kazi yangu. Mimi nafunga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Hii tunaziba nayo kuta.

Kamishna: Aha! Hebu tuambie, binti. Ile rangi inaonya nini?

Binti: Haionyi kitu, mzee. Ni kiwanda tu kinajitofautisha na kiwanda kingine.

Kamishna akameza kahawa yake ikamuunguza.

Binti: Mnataka kufanyia nini?

Jenerali: Kuchonga vilima, mwanangu. Vya mchezo wa mezani. Vya mgonjwa wa kifua, asiyetakiwa kupata vumbi, wala moshi, wala harufu.

Binti: Basi ndiyo hii hii. Kile cheupe nacho kinafaa, kinasumbua tu kwa kupukutika. Hii imeshikana, ukiikata kwa wembe mpya haimwagi. Usitumie waya wa moto, moshi wake mbaya. Usisugue kwa msasa. Ikilazimu, ilowanishe kwanza, vumbi lishikwe na maji. Kata nje, siyo chumbani kwa mgonjwa. Kisha ukifute kwa kitambaa kibichi.

Daktari: Na gundi?

Binti: Gundi nyeupe ya watoto wa shule. Na rangi ya maji. Zile za kupuliza usiguse, zinaiyeyusha hii mpaka ibaki shimo. Ukishapaka, kianike nje hadi harufu iishe, ndiyo ukiingize ndani.

Daktari: Ni hayo tu?

Binti: Ni hayo tu, mzee.

Kamishna: Lakini bei yake. Bodi nzima...

Binti: Nani anakwambia ununue nzima? Yale mabaki tunayatupa. Lile gunia pale naenda kulitupa sasa hivi. Karakana yetu si hiyo hapo nyuma, ukipita duka la magodoro?

Akaonyesha kwa kidole gumba, juu ya bega, bila hata kugeuka. Hatua mia mbili, kama zinafika. Napita pale kila siku nikienda kunywa maji.

Binti aliruka kwa mguu mmoja hadi kwenye pikipiki, akarudi na kipande kinene kama tofali na kisu chake cha kazi, kile chenye wembe unaovunjwa ncha ikiisha makali.

Binti: Kilima chenyewe kikoje?

Nilidhani hapo ndipo Jenerali atakaposema kwamba dada ameshazikwa. Badala yake akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akachora juu ya ile bodi, taratibu. Mstari wa mteremko. Bonde dogo. Sehemu moja iliyochongoka.

Jenerali: Huku kunapanda polepole. Hapa pana jiwe, tulikuwa tunakaa juu yake. Huku ni genge. Dada alianguka hapa akiwa na miaka minane, akavunjika mkono, akaniambia nikisema nyumbani nitakiona.

Binti: Na wewe ukasema?

Jenerali: Sikusema. Walimwona mkono umevimba.

Binti akacheka, akasogea hadi ukingo wa njia upepo ulipokuwa, akaanza kukata. Kisu kilikuwa kinapita bila sauti. Vipande vilianguka kwenye mapaja yake, vizima vizima. Mimi nilikuwa nimeshika kiatu chake, nimetoboa, nimeanza kushona kutoka kisiginoni. Daktari alikuwa ameinamia mikono yake. Nikajikuta naharakisha uzi, sijui kwa nini, kama mtu anayeshindana na kitu. Sikufika hata katikati ya soli.

Binti: Haya. Kimoja hiki.

Akakifuta kwa kitambaa alicholowesha kwenye ndoo yangu, akamkabidhi Jenerali. Kilikuwa kilima. Genge lake, jiwe lake, mteremko wake. Kahawa aliyopewa binti ilikuwa bado inatoa mvuke pale kwenye tofali. Jenerali alikishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba pale kwenye genge, akakirudisha tena kidole, akapitisha tena.

Binti: Viwili vilivyobaki nitakukatia nikingoja kiatu. Leo leo anavipata, anacheza. Nani anayeumwa, kumbe? Ni huyo dada uliyemtaja?

Jenerali: Ndiye.

Binti: Atafurahi. Mlianza lini kulitafuta hili povu?

Mama Birika: Miezi mitatu, mwanangu.

Binti: Miezi mitatu?

Alitutazama, mmoja mmoja, na hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa na kisu mkononi na vipande vya buluu mapajani, na alikuwa anashangaa tu, kama mtu yeyote angeshangaa.

Binti: Sasa wazee wangu, mlikuwa mnangoja nini?

Pikipiki moja ikapita, ikaenda zake. Nilimwangalia Kamishna. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu. Daktari alikuwa analia, wazi kabisa, hajifichi, machozi yanadondokea ndani ya kikombe. Nami nilifungua mdomo. Kwenye benchi lile sijawahi kukosa la kusema hata siku moja, na nilitafuta kila mahali ndani yangu nikakuta hamna. Raba ya ndala ilikuwa yangu. Wiki tatu zilikuwa zangu. Nilikuwa napenda kushinda ubishi, basi. Mwanamke alikuwa amelala na mrija puani, siku zake zinaisha, na mimi nilikuwa napenda kushinda ubishi.

Binti akadhani hatukusikia.

Binti: Samahani, nauliza tu.

Jenerali akakiweka kile kilima kwenye ubao, katikati yetu. Akavua miwani yake. Kwa miezi mitatu yote, na hata siku ya mazishi, hakutuambia neno lolote baya, na hata sasa sauti yake haikupanda.

Jenerali: Mjibuni binti, jamani. Na mimi nataka kusikia.